Mkia wa Jibu

Jumatatu, 3 Juni 2024

Miguu imevimba. Baridi ya Hay, mji huu wa bara Australia, inaingia hadi kwenye meno. Leo zamu ya makao ya wazee nimemwogesha mzee Clarrie, aliyekata manyoya ya kondoo maisha yake yote mpaka mgongo ukapinda usinyooke tena. Hali yako, mzee? "Si mbaya." Yaani nzuri. Juzi alisema "si mbaya sana" — nikamwita daktari. Tangu nitoke Fiji najifunza Kiingereza cha watu hawa. Cheti hawatoi.

Muuguzi mgeni, Bronagh, katoka Ireland. Kiingereza kanyonya na maziwa. Hapo ndipo penye hatari!

Jumanne, 4 Juni

Balaa. Noelene, jirani anayemtunzia Clarrie mbwa wake, Spana, alipiga simu asubuhi: kuna familia ya mji wa Broken Hill inamtaka mbwa, awape? Bronagh akaenda kumuuliza mzee. Mzee: "Ndiyo... hapana." Bronagh akasikia ndiyo, huyoo akakimbilia simu.

Saa ya chai nikamweleza. Dada, hapa "ndiyo, hapana" ni hapana. "Hapana, ndiyo" ni ndiyo. La kwanza la adabu tu, ujue umesikika. Jibu liko mkiani.

"Na 'ndiyo, hapana, ndiyo'?"

Hiyo ni ndiyo, ila inamuuma.

Akacheka. Halafu akaacha ghafla. Tukampigia Noelene — Spana kashaondoka.

Alhamisi, 6 Juni

Clarrie hagusi chakula. Hata mkate wa siagi. Jana Bronagh alimwomba radhi, akajibu, "Hamna shida, bibie." Msichana wa watu akashusha pumzi! Sikuwa na nguvu ya kumfafanulia. "Hamna shida" husemwa mtu akikuangalia. Yeye kauambia ukuta.

Jumapili, 9 Juni

Noelene tena kwenye simu. Wale watu ni waungwana, mzee akitaka watamrudisha mbwa, na yeye Noelene atamtunza kama zamani. Ila binti yao mdogo kashampenda, haendi shule bila kumuaga. Na Spana, mnafiki yule, analala kitandani kwa mtoto.

Nikamfikishia mzee yote, simu nimeiweka juu ya blanketi asikie mwenyewe.

"Kitandani?" akasema. "Kwangu hakuvuka hata mlango."

"Blanketi la waridi, Clarrie!" simu ikadakia. "Kajinyoosha kama bwana harusi!"

"Mbwa mpumbavu kabisa." Macho yamelowa. Hapa tusi likishuka taratibu hivyo, ni mapenzi.

"Mzee," nikamuuliza, "wamrudishe?"

"Ndiyo," akasema.

Nangoja mkia. Naandika haya juu ya goti, nimekaa pembeni mwa kitanda. Noelene anapumua kwenye simu. Bronagh kasimama mlangoni — safari hii hakimbii popote. Mzee anatazama dirishani, mkono unapapasa blanketi, mahali ambapo mbwa angelala kama angeruhusiwa.

Mdomo unafunguka.

Unafungika, mkia haujatoka.