Haradali ya Harpal

Shoga yangu Simran, Harpal jirani kasimama mlangoni anafoka. “Shemeji, majani ya haradali shambani kwangu umeyachuma wewe?”

Nikamwambia, “Tangu lini hapa kijijini mtu anaomba ruhusa ya mboga ya sufuria moja?”

“Jana nimeyapiga dawa ya wadudu.”

Jana, Simran. Na sufuria liko motoni tangu asubuhi, na wanaokuja kumposa binti yangu Jasleen wako sebuleni wanasubiri mboga hiyohiyo.

Nikamuuliza tena kama ana hakika. “Jana, shemeji. Uliniona na pampu mgongoni, ulidhani nachota maji?”

Nikaimwaga yote mtaroni, mama wa kijana anatazama.

Harpal akachungulia sebuleni. “Wageni, vaeni viatu. Mke wangu kapika dengu, twendeni mkale kwetu.”