Pasi ya Nyambura Chini ya Birika

Koma, Felista. Maneno ya mtu aliye hai hayavaliwi kama gauni la kuazima. Nimekuambia hivyo leo mbele ya watu, na naandika tena hapa nisije nikajifanya sikusema.

Ni Jumapili, jua linashuka. Upepo umetoa vumbi jeupe ziwani, limeingia hadi kwenye sufuria ya uji. Mkono wangu unaandika polepole. Herufi nilijifunza uzeeni, darasa la kina mama kanisani. Anayetaka kucheka acheke.

Mchezo wetu tunaufanyia mazoezi kwenye ukumbi wa landhi, hizi nyumba za wafanyakazi wa reli. Ni mchezo wa askari aliyekwenda vitani ng'ambo, mke wake na mama yake wanangoja barua. Mama ni mimi. Mke ni Nyambura.

Wengi wetu hatujui kusoma vizuri. Mwalimu Yona anasoma, sisi tunashika kwa sikio, kila mtu anafuata mkia wa maneno ya mwenzake. Nyambura asiposema, "Mama, barua imefika," mimi siwezi kusema, "Niletee, mwanangu, nione jina lake." Na nikisahau, ananifinya kiwiko.

Mwanzoni sikumtaka. Majirani kutoka kwetu magharibi waliniambia, siku hizi za Hali ya Hatari usikae karibu na Wakikuyu, serikali inawakamata, utabebwa nao. Nikakaa mbali, nimenuna. Yeye akaja na kiazi kitamu, akakikata katikati, akanipa nusu kubwa.

"Kula, Kukhu," akasema.

Kukhu ni nyanya kwa lugha ya kwetu. Sijui nani alimfundisha. Alilitamka vibaya, nikamgombeza, akacheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo tunakaa benchi moja. Mimi namsuka, yeye ananikumbusha maneno. Hata Felista, ambaye ana kelele kama kuku aliyetaga, tulimzoea. Tumekuwa watu wa nyumba moja.

Sasa niandike lile jambo.

Alhamisi barua yetu ya mchezo, ambayo ni karatasi ya daftari tu, ilichanika. Nyambura akatoa pasi yake kifuani, ile yenye picha, ambayo Mkikuyu hawezi kuvuka barabara bila kuwa nayo. "Tutumie hii, Kukhu. Ina mhuri, watu wataamini ni barua ya serikali." Tulicheka wote. Nadhani ni mara ya kwanza karatasi ile kumchekesha mtu.

Nikaipokea, nikaitia kikapuni, kama mchezo unavyotaka. Kikapu cha vifaa ni changu. Hakuna anayekigusa, na nimewachapa watu vidole kwa hilo.

Halafu saa zikatukimbia. Watu wake lazima wawe ndani kabla ya giza. Nikamfokea, "Nenda wewe, mtoto wako ana njaa! Vitu nitapanga mimi!"

Akaenda mbio. Askari walimsimamisha pale kwenye duka la maziwa. Walioona wanasema alipapasa kifua, akapapasa tena, akageuka kutazama upande wa ukumbi.

Upande wangu.

Wakamfungia nyuma ya uzio wa seng'enge, pamoja na Wakikuyu wengine. Pasi niliikuta nyumbani Ijumaa asubuhi, kikapuni chini ya birika la mchezo. Picha ikanitazama. Nikairudisha palepale, nikafunika na shuka.

Nilijiambia anayekutwa na pasi ya mtu mwingine atafungwa, na nyumba ni ya reli, mzee wangu atafukuzwa. Hayo ni kweli. Lakini si hayo yaliyonifunga mdomo. Watu wote wanasema Nyambura ni mzembe, nani anatoka bila pasi siku hizi? Na mimi nimewaacha waseme. Nimetikisa na kichwa kukubali.

Mimi, ninayejisifu kila mahali kwamba simwogopi mtu.

Leo Felista akasimama mahali pa Nyambura. Alipofungua tu mdomo, "Mama, ba—", nikampigia kelele mpaka Mwalimu akaangusha karatasi zake. Akasema basi, hapo tutanyamaza kidogo, halafu Kukhu aendelee.

Tukanyamaza. Kimya cha urefu wa maneno matatu tu. Kila mtu aliyasikia, niliona kwenye nyuso zao. Na mimi nikafinywa kiwiko.

Niligeuka. Hakukuwa na mtu, ni pazia tu.

Maneno yakanitoka yenyewe: "Niletee, mwanangu, nione jina lake." Na jina lake liko hatua mbili kutoka miguu yangu, chini ya birika.

Tulipotoka, Felista akanishika mkono analia. "Kukhu, sikutaka nafasi yake. Mtoto wake analala kwangu siku ya tatu sasa. Jana ameniita mama. Na kesho asubuhi lori linawapeleka wote waliofungwa rizavu, kule walikotengewa Wakikuyu. Nimjibu nini?"

Nilimwambia apanguse kamasi.

Nimefika nyumbani na kiwiko bado kinauma. Nimekitazama kwenye mwanga wa dirisha. Hakina alama. Kinauma.

Felista hajaazima kitu cha mtu. Mwizi wa mchezo huu ni mimi.

Kwa hiyo sikia, wewe mwanamke mzee. Alfajiri, vaa viatu vya kanisani. Pasi iweke kifuani, usiitie kikapuni. Pita kwa Felista, mchukue mtoto mgongoni, mama yake amwone. Ukifika kwenye ule uzio wa seng'enge usingoje mtu akupe maneno, wala akufinye. Waambie askari pasi ilikuwa kwako. Waambie Nyambura hana kosa. Sema kwa sauti, na Felista asikie, na mzee wako asikie.

Mwaga huo uji wenye vumbi. Nenda kamwambie mzee sasa hivi, kabla hajalala.