Sauti ya Mke wa Bosi

Bwenini, 4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na Baba hamjambo. Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, nadhani kimechoka kunisikia nikisoma kwa sauti.

Kila Jumamosi matroni hupiga pasi huku tukitazama tamthilia ya mtandaoni kwenye simu yake. Bosi anampenda katibu wake. Pazia la ofisini ndilo la hospitalini, na ndilo la hotelini. Mke wa bosi haonekani kabisa, husikika kwenye simu tu. Matroni humtetea kama dada yake: "Mwoneni huyo katibu! Macho kama paka mbele ya samaki!"

Juzi mke alisema, "Kama umenichoka, sema. Usijifiche nyuma ya kazi." Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilisogea karibu na simu. Sauti ile ni yako, Mama. Na maneno hayo niliyasikia kupitia ukutani wakati wa likizo, ukimwambia Baba. Kuna nini?

Mwanao

Nyumbani, 15 Machi

Mchwa wangu wa vitabu,

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima. Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kulikoni. Ndiyo, ni mimi! Vijana hao wamekodi chumba juu ya ofisi yetu. Walinisikia nikipokea simu za watu, wakasema sauti yangu ina machozi ndani. Sikukuambia kwa aibu tu.

Ulichosikia kilikuwa mazoezi. Baba yako alinisomea maneno ya bosi, tena vibaya, kama anayesoma bili ya maji. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini wewe nani kakuuma? Soma, mtihani uko mlangoni.

Mama yako

Bwenini, 22 Machi

Mama,

Shikamoo. Afya yangu ni njema, ila usingizi hauji vizuri.

Nimejitahidi kukuamini. Lakini siku ile ya likizo ulisema na jambo jingine: "Mtoto asijue mpaka amalize mtihani." Bosi na mkewe hawana mtoto. Sehemu ya kwanza kabisa bosi alimlalamikia katibu, "Kwangu hakuna hata mtoto wa kunikimbilia mlangoni." Matroni alisonya, ndiyo maana nakumbuka.

Sasa mtoto huyo ni nani?

Mwanao

Nyumbani, 2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nakuandikia mbio mbio, simu zinalia. Wewe unachunguza mno. Subiri utazame sehemu ya Jumamosi, utaelewa. Baba nitamsalimia kwa niaba yako nikimwona.

Mama yako

Bwenini, 9 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo.

Tumetazama. Mke wa bosi alilia kwenye simu, akasema, "Mtoto asijue mpaka amalize mtihani." Matroni aliacha pasi juu ya shuka mpaka ikaungua. "Mtoto? Katoka wapi? Kazaliwa kwenye matangazo?" Bweni zima lilicheka. Mashabiki nao wameandika chini ya video kwamba mwandishi amelewa.

Mimi sikucheka. Nilifikiria ulivyopanda ngazi kwenda kuwaomba wale vijana waharibu tamthilia yao ili mimi nilale. Ulilia vizuri sana, Mama. Pasi ilikuwa ikitoa moshi na hakuna aliyeiona.

Sitauliza tena. Nitafanya mtihani kwanza, kama mlivyopanga. Siku ya kufunga shule njoo unichukue, hata peke yako.

Baba nisalimie, ukimwona.

Mwanao