Si Toakase Aliyeigawa Mikeka

Leimatua, 3 Agosti 1998

Kwako mwanangu Lesieli,

Pokea salamu zetu. Sisi huku wazima, ila goti langu linanisumbua na mvua hizi. Wewe je, huko Suva unakula vizuri?

Insha unayowaandikia chuoni imefika. Mtoto wa mchungaji alitusomea kwa lugha yetu kwenye banda la kupondea magome ya kutengenezea nguo, wanawake wote wapo. Mimi nilikaa mbele, nimejipaka mafuta. Nikasikia habari za msiba wa baba yako: dada yake alivyokaa upande wa kichwa cha maiti kama ilivyo haki yake, akaletewa mikeka yote ya rambirambi, akaigawa yote kwa wafiwa, akarudi kwake mikono mitupu. Nikajisemea, ndiyo mimi huyo. Kisha akasoma jina: Toakase.

Lesieli, una wazimu? Toakase jirani yetu, aliyejisombea gari zima la mikeka siku ya kumzika kaka yake? Sasa anapita nyumba hadi nyumba akisema mtoto kaujua wema wake. Watu wananicheka. Nina hasira mpaka chakula hakipiti. Rekebisha.

Shangazi yako

Suva, 20 Agosti 1998

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima wa mwili tu.

Haki ya Mungu sikumfikiria Toakase wa jirani. Katika sosholojia hatuandiki jina la tuliyemhoji, tunampa la bandia ili asije akadhurika. Nilichukua lililonijia kwanza. Nimekwenda kwa mhadhiri wangu, Dakta Maharaj, nikamweleza kwamba kwetu dada wa baba ni mkubwa kuliko baba mwenyewe, na kumvua jina ni kumtukana. Akanijibu, "Kanuni hiyo inamlinda shangazi yako." Nikarudi tena, akanijibu hivyo hivyo. Nikiandika jina lako ananifelisha, na nikifeli somo hili sihitimu Desemba. Nikuite Siutiti basi? Nimechoka, shangazi.

Mwanao Lesieli

Leimatua, 2 Septemba 1998

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile.

Siutiti yupo, yule muuza mikate. Kijiji hiki hakina jina lisilo na mwenyewe, hukujua hilo kabla hujasoma? Na huyo Dakta ananilinda na nani, na jina langu? Siku nilipokusimulia yale nilikuwa nalia, nawe ulikuwa umenishika mkono. Toakase hakulia. Kama huwezi kuyaandika kuwa yangu, nirudishie maneno yangu.

Shangazi yako, kama bado unaye

Suva, 9 Novemba 1998

Shangazi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa.

Nisamehe kwa kunyamaza. Nimeandika jina lako, Kalolaine, kila ukurasa. Umefurahi? Nimefelishwa, simo kwenye wahitimu, somo nitalirudia mwakani. Usimwambie mama, ameshaanza kuusuka mkeka wangu wa kujifunga kiunoni siku ya mahafali. Nina hasira na Dakta, nina hasira na wewe, na hakuna hata mmoja wenu ninayeweza kumwambia amekosea.

Lesieli

Leimatua, 30 Novemba 1998

Mwanangu Lesieli,

Marahaba, mama. Usiniulize habari za goti.

Nilitaka jina langu liandikwe, sikusema lako lifutwe. Ulipaswa kunijibu, hata kwa ukali, lakini nani alikufundisha kumjibu shangazi? Ni sisi tuliokukataza. Mama yako nimemwambia mwenyewe. Alilia, kisha akaendelea kuusuka mkeka.

Sasa nisikilize. Mwakani andika Toakase, uhitimu. Sikuombi, nakuagiza, nawe unajua neno langu kwa mtoto wa kaka yangu halina rufaa. Jumapili baada ya ibada nimemkuta amezungukwa na watu, anawasimulia alivyoigawa mikeka ya msiba wa kaka yangu. Nikasimama nikamsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza nikamwambia, "Ahsante, Toakase."

Shangazi yako