Golikipa Wetu Alipozuiwa Busiu

Nalufenya, Jinja

Mama yangu mpenzi,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote walioamka salama hapo nyumbani. Goti lako linasemaje siku hizi za mvua? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori la pamba, ilikufikia? Mimi ni mzima. Kiwandani mitambo ya kufuma iliyolala tangu vita imeanza kuamka mmoja mmoja, na mimi ndiye ninayeifungua na kuitia mafuta, kwa hiyo kuhusu kazi usiwe na wasiwasi.

Nimepata barua ya Mjomba Rajabu. Anasema nimekutia aibu, kwamba Jumamosi ile ulipika ukaningoja mpaka jioni na sikutokea. Anasema kama nina akili niache mpira, niachane na Odongo, nirudi Mbale nikae dukani kwake. Yeye sikumjibu. Nakujibu wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyengoja na ni haki yako kujua nilikuwa wapi. Nilikuwa Busiu, Mama. Karibu na nyumbani hivyo, na nilikuwa nimekaa chini kando ya barabara bila viatu.

Acha nianze mwanzo ili unielewe. Unakumbuka kwamba sisi tuliosoma shule moja hapa Jinja tulikuwa na timu yetu, na watu wakituita Wazamani. Wanajeshi walipopiga kambi uwanjani, timu ilikufa. Mwaka huu waliondoka, wakatuachia mahandaki, makopo matupu na uwanja usio na goli hata moja, maana milingoti yote waliipikia ugali. Waiswa, aliyenitangulia darasa moja na sasa ni mwalimu palepale shuleni, alipita nyumba kwa nyumba kutuita. Tulipohesabiana tukawa kumi na mmoja, hakuna wa akiba. Kila jioni baada ya kazi tulifukia mahandaki. Mimi niliunga mabomba chakavu ya maji kwa moto, nikatengeneza magoli mawili. Yamepinda kidogo, lakini yamesimama.

Odongo alikuja siku ya kwanza kwa miguu kutoka Masese, jembe begani, ananuka samaki. Huko ndiko anakouza samaki tangu alipopoteza kazi ya magereza. Wewe unamjua tangu mtoto, lakini hujui anavyoishi sasa. Kaka yake mkubwa alikuwa katika jeshi lililoshindwa, na tangu serikali ibadilike, mtu mwenye jina la kaskazini akipita watu wananyamaza. Hata siku ile uwanjani wawili wetu walisogea pembeni. Yeye aliingia handakini akaanza kuporomosha udongo kwa jembe.

Timu za wanafunzi wa zamani zilizoingia kugombania kombe zilikuwa sita, kuanzia hapa Jinja mpaka Mbale. Mechi mbili za kwanza tulifungwa vibaya, watu wakatucheka sokoni. Kisha tukaanza kuelewana. Mbale walipokuja kwetu tuliwafunga moja bila, na Odongo aliidaka penalti ya kapteni wao, Mafabi, yule kijana mrefu wa Kigisu anayefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Ilipobaki mechi ya mwisho, ya marudiano huko Mbale, tulihitaji sare tu tuchukue kombe. Ndipo nikakutumia habari kwamba nakuja.

Tulitoka Jinja alfajiri kwa lori la kiwanda. Tulipita vizuizi vyote mpaka Tororo bila taabu. Busiu palikuwa na kizuizi kipya, gogo limelazwa barabarani na sajini mmoja mfupi anakagua majina kwenye tiketi za kodi. Alianza na mimi. Nilimsalimu kwa Kiswahili, ambacho wengi huku wanakijua kama lugha ya askari, akaniangalia.

"Wewe Kiswahili yako mzuri sana. Ulikuwa jeshi ya nani?"

"Sijawahi kuwa jeshini, afande. Nyumbani kwetu ndiyo lugha tunayoongea. Sisi ni Waislamu wa Mbale."

Alinirudishia tiketi. Alipoisoma ya Odongo, hakuirudisha.

"Huyu nabaki. Toa viatu, kaa chini. Nyinyi endeni kucheza mpira yenu."

Waiswa alimwambia kwa upole, "Afande, huyu ndiye golikipa wetu. Hatuna mwingine."

"Weka mtu yeyote pale. Goli si mlango ya benki."

Odongo alivua viatu akakaa kwenye vumbi. Alipochelewa kuweka mikono kichwani kama walivyoamuru, askari mmoja alimpiga kitako cha bunduki juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Nilisikia ule mlio, Mama. Odongo akatuambia, "Nendeni. Mtachelewa."

Waiswa alivua viatu vyake, akavipanga vizuri, akakaa kando yake. Nami nikavua. Sitakudanganya kwamba sikuogopa. Lakini nilikumbuka vile vita vya kwanza, serikali ya rais Mwislamu ilipoanguka na watu wakaanza kutafuta nyumba za Waislamu hapa Nalufenya, tulipokuwa tukiishi sote. Nani alisimama mlangoni kwetu na sare yake ya magereza, akasema wapite juu yake kwanza? Baba yake Odongo. Sisi tulikuwa chini ya kitanda, umeniziba mdomo kwa kiganja. Mjomba wakati ule alikuwa Kenya. Asinifundishe leo nani wa kuachana naye.

Wengine wakashuka lorini mmoja mmoja, wakakaa. Wa mwisho alikuwa Isabirye, karani wa posta, mwenye watoto wadogo watatu. Alisimama muda mrefu ameshika ubao wa lori. Hatukumwita. Mwishowe naye akaja, akakaa nyuma kabisa, na viatu hakuvua.

Sajini alikasirika. "Mnanijaribu?"

"Hapana, afande," Waiswa akasema. "Tunangoja mwenzetu."

Basi tukakaa. Jua likapanda. Mama mmoja mwenye kuchoma mahindi alivuka barabara mbele ya askari wote, akatugawia, akasema tukila haidhuru mtu. Saa ya mechi ikafika tukiwa palepale, nami nikajua kombe limekwenda, kwa maana timu isiyofika huhesabiwa imefungwa. Dereva mmoja wa teksi aliyekuwa anakwenda Mbale alitutazama, akaondoka. Kumbe alikwenda moja kwa moja uwanjani kuwaambia.

Baada ya muda ikaja pikapu kutoka upande wa Mbale, imejaa watu wenye jezi nyekundu. Timu nzima, pamoja na mwamuzi na filimbi yake shingoni. Mafabi aliruka chini akamwendea sajini.

"Afande, sisi natoka Mbale. Tumengoja hawa watu mpaka tumechoka."

"Mechi yenu mmeshinda. Rudini."

"Hatutaki kushinda namna hii. Huyu mtu mnafunga, mimi najua yeye. Alinishikia penalti kule Jinja, mbele ya bibi yangu. Mimi nataka kumfunga goli leo. Sasa nitamfunga namna gani kama mmemweka hapa?"

Askari mmoja akacheka, na mwingine akashindwa kujizuia. Sajini hakucheka, lakini aliita ofisa wake kwa redio. Huyo alifika na gari, mtu mzima mwenye miwani. Aliuliza kosa ni nini. Sajini akasema jina. Ofisa akaisoma tiketi, akaigeuza upande wa pili, akamuuliza Odongo anafanya kazi gani.

"Nauza samaki Masese, afande."

"Na kaka yako yuko wapi?"

"Sijui kama yuko hai."

Ofisa akamrudishia tiketi. Akasema, "Vaa viatu. Lakini hii lori mbele haiendi. Mnageuza kurudi Jinja, na saa kumi na moja nisikute mtu hapa."

"Ni sawa, afande," Mafabi akasema. "Basi tutachezea hapa."

Na tukacheza, Mama. Tulicheza kwenye kiwanja cha shule ya msingi ya Busiu, upande mmoja mahindi, upande mwingine migomba, magoli ni vijiti vya miti. Watu waliacha biashara zao wakaja kutazama, hata askari wawili waliokuwa hawana zamu. Mkono wa Odongo ulikuwa umevimba kama andazi. Tulimwambia apumzike, akakataa. Tulifunga mawili, wao wakafunga matatu. La tatu alilifunga Mafabi kwa mpira mwepesi ambao siku nyingine Odongo angeudaka huku anapiga soga. Ulimpita chini ya ule mkono. Alibaki amelala pale, uso chini, mpaka Mafabi mwenyewe alipokwenda kumwinua. Hakuna hata mmoja wetu aliyemlaumu, na mpaka leo hatujamlaumu.

Kwa hiyo ndiyo, tulifungwa, na kombe liko Mbale. Mjomba aandike hilo tena akipenda. Naujua umbali uliokuwepo kati yangu na wewe jioni ile, na niliumia, lakini lori liligeuka na amri ilikuwa amri.

Jumanne iliyofuata tulikutana shuleni. Isabirye alisema kwa sauti ya chini kwamba labda Odongo apumzike mpaka mambo yapoe, maana siku nyingine hatutapata ofisa wa namna ile. Hakusema kwa ubaya, alisema kwa hofu, nami hofu naijua. Waiswa akauliza nani anakubaliana naye. Ulipanda mkono mmoja tu, wa Isabirye mwenyewe. Ukakaa juu kidogo, kisha akaushusha. Kesho yake alikuja mazoezini, ndiye aliyemfunga Odongo bandeji.

Mama, sitaacha timu, na Mbale nitakuja kukuona, si kukaa dukani. Usimruhusu mtu akuambie mwanao amepotea.

Nisalimie dada yangu Mariamu na mumewe fundi cherehani. Msalimie shangazi, mwambie kofia aliyonipa naivaa kila Ijumaa. Msalimie imamu wa mtaa wetu aliyetuombea tulipohamia huko. Hata Mjomba Rajabu nampa salamu, kwa heshima zote za mjomba.

Mfungo ukiisha nakuja, na nakuja na Odongo. Tutapita barabara ileile, mchana, na Busiu tutashuka kununua mahindi kwa yule mama. Mjomba kama hataki kula sinia moja naye, ale mapema.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda,

Twaha