Nyumba Iliyonuna

Jumatano, 10 Julai

Nimeng'oa vigingi. Mara ya pili wiki hii. Jana fundi Shomari alipiga kamba nyumba itazame barabara. Nikamwelekeza upya, nikachora chini kwa kijiti, akaitikia ndiyo dada, ndiyo dada. Leo narudi bombani na ndoo yangu kichwani, nakuta mlango umerudi barabarani. Simwiti mbishi. Mkono wake haujui njia nyingine. Masanze nzima nyumba zinatazama barabara, mpita njia aone mlango, aone pazia, apige hodi.

Lakini barabara yetu iko magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua liko upande huo mpaka linazama. Nyumba ikilitazama inalimeza lote.

Nimemwambia: upande mfupi ndio uelekee barabara, tena ukuta mtupu, bila dirisha. Mlango kusini, chini ya kibaraza kipana. Madirisha kusini na kaskazini, yatazamane, hewa ipite.

"Sasa dada, mgeni atapitia wapi?"

"Atazunguka."

Hakucheka.

Ijumaa, 12 Julai

Kaka Rajabu amekuja na pikipiki kutoka Kilosa mjini, baada ya swala ya Ijumaa. Shikamoo kaka, marahaba, na adabu ikaishia hapo. Akavizunguka vigingi. Akauliza kama najenga nyumba au ghala. Kisha akauliza lile alilojia: nyumba aliyomjengea Mama ina kasoro gani hata nimjengee nyingine uani?

Mama alikuwa anachambua mchele. Akaniinulia jicho. Nikafunga mdomo.

Humu naweza kusema. Kaka alijenga nyumba ile miaka minane iliyopita kwa jasho lake, enzi hizo bado anauza spea za pikipiki juu ya turubai. Paa la chini, bati jekundu, hakuna dari. Madirisha mawili ya vioo vya kusukuma, yote upande wa barabara. Mtaa mzima ulikuja kuyaona. Yeye mwenyewe hajalala humo hata siku moja.

Mimi nimelala humo tangu Machi, nilipoacha kazi Mikumi. Ni tanuri. Mama ana presha na analala nje barazani, kwenye mkeka. Ananiambia anapenda kuwahi swala ya alfajiri. Miaka minane ya kuwahi swala!

Nataka awe ndani ya nyumba yangu kabla joto la Novemba halijafika. Sina jingine ninalolitaka mwaka huu.

Jumatatu, 29 Julai

Msingi umekwisha. Mgongo unauma.

Shomari kaniuliza haya nimesomea wapi. Sijasomea. Miaka kumi na moja nilifua na kutandika vitanda kwenye hoteli ya watalii. Vyumba vya wageni vilikuwa na paa refu, upenu mpana, ukuta mzima upande wa jua la jioni. Hata feni hazikuhitajika. Sisi wafanyakazi tulilala nyuma ya jiko, bati limetukaa kichwani, miguu kwenye mabeseni ya maji. Uwanja ule ule, jua lile lile. Kila siku nilibeba mashuka kutoka huku kwenda kule, na mlangoni ngozi yangu ilijua nimeingia kwa nani.

Kumbe kuna mtu alikaa akapanga nani apate hewa. Nikiwaza hilo nashikwa na hasira mpaka leo. Basi na mimi nimekaa, nimepanga.

Jumapili, 18 Agosti

Ukuta wa barabarani umefika juu. Nyumba imepata jina. Wanaiita nyumba iliyonuna. Bombani wanauliza: "Dada, umegombana na barabara?" Nimewajibu ndiyo, na sina mpango wa kupatana nayo.

Shomari ameona haya. Watu wanamuuliza ni fundi gani aliyejenga kitu kile. Ameniomba dirisha moja tu, dogo, la heshima. Nimekataa. Ameomba tena. Nimekataa tena, kwa sauti ambayo sikuipenda.

Halafu nikaenda chooni nikalia. Nikanawa uso, nikarudi kubeba matofali.

Alhamisi, 5 Septemba

Kenchi zimepanda, paa limesimama refu. Bati nimechukua jeupe, lisilopakwa rangi. Shomari anasema ni bati la mabanda ya kuku. Sawa. Chini ya paa, huku na huku, tumeacha matofali ya matundu ili joto litoke. Dari ya mbao itakuja. Upenu umetoka hatua nzima na zaidi.

Leo saa saba Shomari amebeba ugali wake, akaupita mti anaokula chini yake kila siku, akaingia ndani ya nyumba iliyonuna, akakaa sakafuni akala. Nimemwona. Na yeye ameona kuwa nimemwona.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nyumba imekwisha. Madirisha ya mbao, wavu wa mbu, sakafu ya saruji iliyolainishwa. Nimeingia saa tisa alasiri nikaweka shavu kwenye ukuta wa magharibi, kwa ndani. Wa baridi.

Mama amekataa kuhamia.

"Mwanangu, Rajabu alinijengea hii yeye mwenyewe hana hata kitanda. Nikitoka, watasema nyumba yake imenishinda. Nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu."

Anakuja mchana, anakaa kibarazani kwangu, anakunywa chai. Jioni anarudi kwenye tanuri la mwanawe, anatandika mkeka nje. Nina hasira naye. Nina hasira na Kaka. Na nina hasira na mimi mwenyewe, maana jua nililipima, upepo niliupima, na hili la Mama sikulifikiria hata kidogo.

Jumatatu, 11 Novemba

Joto la kutisha, mvua inatishia na hainyeshi. Nimerudi kutoka sokoni Kilosa baada ya adhuhuri, nimemkuta Mama ameanguka chumbani. Kizunguzungu. Nimempeleka zahanati kwa bodaboda, nimemkumbatia kwa nyuma njia nzima. Presha iko juu sana. Nesi akamuuliza anapumzikia wapi mchana. Kumbe nikiondoka hakai hata kibarazani kwangu, anabaki ndani kwa Kaka. Mama akamjibu, "Nyumbani kwa mwanangu."

Nimempigia Kaka. Sikuanza na shikamoo. Nimemwambia aje alale saa moja tu kwenye chumba cha Mama, saa nane mchana, mlango umefungwa. Akitoka akasema hakuna tatizo, nitaibomoa yangu kwa mikono yangu, na Shomari atakuwa shahidi.

Nimekata simu. Sijawahi kumsemesha kaka yangu hivyo. Sijuti.

Jumatano, 13 Novemba

Amekuja. Shati limepigwa pasi, kofia kichwani. Saa nane kamili akaingia, akafunga mlango. Mama ameketi na tasbihi yake, hataki kunitazama. Tangu juzi nilipompigia Kaka simu hanisemeshi.

Nikakaa barazani nikasikiliza. Kamba za kitanda zikalia, akageuka. Zikalia tena. Kisha kioo kikasukumwa. Vioo vile hufunguka nusu tu, nusu nyingine inabaki. Akakisukuma na kukisukuma.

Saa moja ikapita, hakutoka. Ubishi wa ukoo wetu. Ametoka alasiri imeadhiniwa, shati limegandana na mgongo, macho mekundu. Akanywa maji vikombe viwili akiwa amesimama. Ndipo akauona mkeka uliokunjwa ukutani.

"Huu wa nini?"

"Wa kuswalia," Mama akasema.

Akainua macho. Juu ya mkeka, kwenye misumari ya upenu, chandarua kimefungwa fundo.

"Na chandarua cha kuswalia, Mama?"

Mama akavuta tasbihi. Kaka akavaa viatu, akawasha pikipiki, akaondoka bila kuaga. Nilidhani nitafurahi. Nimekosa hamu hata ya kula.

Jumamosi, 16 Novemba

Kaka amerudi asubuhi, watu wanaenda sokoni. Ameingia chumbani kwa Mama, ametoa godoro, amejitwika kitanda cha kamba kichwani. Kutoka mlango ule hadi wangu ni hatua ishirini, unakatiza uani tu. Hakukatiza. Ametoka nacho barabarani.

Barabarani! Amepita katikati ya watu, taratibu, kitanda kinayumba. Baiskeli zimesimama. Wale wa bombani wameacha ndoo zinamwagika. Mmoja akapaza sauti: vipi Rajabu, unahama?

"Namhamisha mama yangu," akasema, na ameisema kwa nguvu. "Nyumba yangu ina joto."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akashika kitambaa chake cha kichwa, akakiachia. Kaka akafika kwenye ukuta mtupu, akauzunguka kama mgeni yeyote, akaja kukitua kitanda chumbani, katikati ya madirisha mawili. Mimi nimebeba godoro nyuma yake. Jasho lake lilinidondokea mkononi.

Akanambia nimwite Shomari aje kutoboa matundu kwenye nyumba ile, na nisimame mimi kuonyesha wapi. Nikasema shikamoo kaka, maana asubuhi sikuwa nimesema. Akaitikia marahaba.

Jumapili, 17 Novemba

Adhana ya alfajiri imelia. Nimeamka, nimesikiliza. Hakuna kikohozi uani, hakuna mkeka unaokunjwa. Nimekwenda mlangoni kwa Mama. Amelala ubavu, mdomo wazi kidogo, shuka limefika mabegani. Pazia linacheza.

Nimeswali peke yangu. Kumepambazuka, bado amelala. Nimemchemshia maji ya kutawadha, nimeyaweka kizingitini, nimeyafunika.

Ameamka saa moja na nusu, mkali kweli kweli. Kwa nini nimeacha alfajiri impite?

Nimempa maji.