Kompyuta Haina Bibi

Kwetu, nyuma ya bomba la maji,
Jumanne jioni.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi naye hajambo? Kile kikohozi chako kimekwisha, au bado unajidai ni vumbi tu? Naomba barua hii iwakute wazima, maana mkiumwa na nyinyi sijui nitamlilia nani.

Sisi tunapumua. Mama anakula vizuri na ulimi wake haujapungua makali hata kidogo, ila miguu imegoma. Akisimama kidogo tu inavimba.

Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka, haipatikani. Ndiyo maana nampa barua hii jirani yetu dereva wa lori, anayeleta mzigo huko kwenu Alhamisi. Kaka, maji yamenifika shingoni. Ni habari ya mwanao, Chiriku.

Unakumbuka nilivyoanza kufundisha kompyuta? Wavulana walikuwa wanajaa darasani, wasichana siwaoni. Nikawatafuta, nikawakuta hapa bombani na ndoo zao. Wale wachache waliokuja walikuta kitabu kinaeleza lifti na mashine za kuuza soda, vitu ambavyo hata mimi mwalimu wao nimeviona pichani tu. Wakawa wanasinzia. Basi nikakiweka kitabu kando, nikawaambia waiandikie kompyuta programu ya foleni ya bomba letu.

Jamani, ungewaona! Waligombana kama wako bombani kweli. Wakaandika kwamba ndoo inamshikia mwenyewe nafasi hata akienda kukaa. Wakaandika kwamba mwenye kichanga anapishwa. Chiriku akaandika sheria ya ndoo kwa ajili ya bibi yake, maana Mama huitanguliza ndoo yake kisha anarudi kukaa kizingitini. Alipomaliza alikuja mbio kumwambia, "Bibi, umeingia kwenye kompyuta!" Mama alitangaza mtaa mzima. Hata muuza mkaa alipata habari.

Mtihani ukaja, nao ukauliza habari ya foleni. Nilifurahi kama mjinga! Watoto wakaandika wanachokijua. Mkaguzi amewapa sifuri wote. Kwa karatasi yake ya majibu, aliyetangulia ndiye anayehudumiwa kwanza, na mtu asiyesimama kwenye foleni anafutwa. Ndoo si mtu, kasema.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu roho ikiwa mkononi. Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko matusi. "Mwalimu," akaniambia, "kompyuta haina bibi." Nikamjibu kwamba aliyeitengeneza anaye. Tangu siku hiyo ofisini naitwa Mwalimu wa Ndoo, na wanaocheka ni watu wazima wenye vyeti vyao.

Sasa wametoa nafasi ya kuandika upya. Atakayeiondoa ndoo atapewa alama zake na kwenda chuo cha ufundi. Asiyeiondoa abaki na sifuri yake, na darasa langu lifungwe mwisho wa mwezi. Wenzake Chiriku wote wameshaiondoa. Siwalaumu, nao wana njaa ya kusoma. Amebaki mwanao peke yake. Yule mtoto ambaye tulikuwa tunamwomba anyamaze kidogo tupumue, sasa anakaa siku nzima hasemi neno.

Kaka, mimi nimekwama. Nikiwa shangazi yake nataka kumpigia magoti aifute apite. Nikiwa mwalimu wake mkono unakataa. Wewe mwenyewe uliniambia kwamba programu unayoiandika huko hospitalini inamtanguliza mgonjwa mahututi, hata kama wenzake walifika kabla yake. Si ni jambo lilelile? Nakusihi, mwandikie mkaguzi. Mimi nikipiga kelele wanatia pamba masikioni. Wewe wa mbali watakusikiliza, na hilo nalo linanitia uchungu, lakini sina pa kulipeleka.

Jumatano.

Nilisinzia kabla sijaifunga barua. Leo Chiriku amekuja darasani kabla ya wenzake, akakaa kwenye ile kompyuta iliyofutika herufi za vitufe, akaiondoa ndoo. Hakuniuliza. Mkaguzi akaijaribu programu yake kwa majina ya bombani aliyoyaandika mwenyewe Chiriku, ikakubali bila kosa hata moja. Kwenye orodha ya waliopata maji, bibi yake hayumo.

Amefaulu, Kaka. Nimelia chooni kama mtoto.

Tulipokaa kula, Mama akauliza, kwa kuringa kwake kulekule, kama mtihani umekwisha na kama bado yumo ndani ya kompyuta. Nilikiinamia chakula changu. Chiriku akamjazia maji kwenye kikombe, akamwambia, "Umo, Bibi. Wa kwanza kabisa."

Mkaguzi mwandikie hata hivyo, kwa ajili ya watakaofuata. Na simu yako ikipatikana, ongea na mwanao habari yoyote ile, hata ya mvua, lakini usimpongeze. Nakuomba sana.

Msalimie Wifi, wasalimie na watoto wa huko ambao hatujawashika. Mama anakusalimu, anasema ule ushibe. Fundi cherehani wa jirani naye anakuulizia. Mungu awakinge na kila baya, na atukutanishe Mama angali anatutambua sote.

Mimi dada yako ninayekupenda na sina mwingine wa kumwambia haya,

Mwalimu wa Ndoo